Kabla Hujamuuza Mbuzi: Mwongozo wa Kuwinda Namba Tasa Ukiwa Juru

Mwongozo huu ni wa kijana mmoja tu. Huenda anaishi Juru, huenda Rubondo au Base Camp, popote pale ndani ya Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Amesikia kuna watu duniani wanaotafuta namba tasa kubwa, kwamba anayeipata hutajwa magazetini, na kwamba kuna dola. Ameshauliza bei ya laptop ya mtumba Mbarara. Jana jioni alionekana akimtazama mbuzi wa mama yake kwa jicho la hesabu. Kama ni wewe, keti kwanza. Mbuzi aendelee kula majani.

Tuanze na mawindo yenyewe. Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, na kuendelea bila kikomo. Kwamba haziishi alilithibitisha Euclid yapata miaka 2,300 iliyopita, na hapo ndipo mwindaji asiyejihadhari huumbuka siku ya kwanza. Akitamka “nimepata namba tasa kubwa kuliko zote”, kila anayelijua jambo hili hufunga daftari na kwenda zake. Hakuna kubwa kuliko zote. Kuna kubwa kuliko zote zinazojulikana, na hiyo hudumu na taji mpaka mwingine atakapoivua.

Namba iliyotwaa taji hilo ilipotangazwa tarehe 21 Oktoba 2024 huandikwa hivi: 2 yenye kipeo 136,279,841, halafu toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Inaanza na 8816 na kuishia na 551, na katikati ni safari ndefu. Ukiamua kuisoma kwa sauti mbele ya kibanda cha kuchaji simu, tarakimu moja kwa sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 475 hivi. Ukitaka kuichapisha, tarakimu 3,000 kila ukurasa, karatasi pande zote mbili, andaa rimu 14. Mwenye mashine ya fotokopi atakusikiliza kwa heshima kubwa mpaka atakapojua kwamba huna pesa.

Jirani akikuuliza mtoto wa Kivu, Kongo, kama wewe ana uhusiano gani na mambo haya, jibu unalo. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa akichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, upande wa Kongo wa ziwa ambalo upande wake mwingine ni Uganda hii hii. Akaokota mfupa wa urefu wa kama sentimita 10, wenye kipande cha jiwe kilichopachikwa nchani, na mikato iliyochanjwa katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19. Zihesabu tena: ndizo namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20, hakuna iliyosahaulika wala iliyodandia. Ukizijumlisha unapata 60. Umri wa mfupa hukadiriwa kuwa miaka kama 20,000.

Sasa tulia, maana najua unachotaka kukimbilia kusema. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Nayo jumla yake ni 60, lakini 21 na 9 si tasa hata kwa mtu mwenye huruma. Safu ya tatu ni 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Alexander Marshack aliitazama mikato hiyo akaona kalenda ya mwezi. Wengine wameona hesabu za kawaida za mtu aliyekuwa akihesabu vitu vyake. Kuitambua namba tasa kunataka uwe unajua kugawanya, na mfupa hauonyeshi popote kama mwenyewe alikuwa anagawanya au alikuwa anasubiri samaki. Kwa hiyo ukiwa kijiweni sema tu kwamba makundi manne yaliyopangwa vile ni jambo la kushangaza, kisha unyamaze. Mfupa wenyewe uko Brussels, katika jumba la makumbusho ya sayansi asilia. Ulipata nchi ya tatu bila mahojiano hata moja.

Turudi kwenye uwindaji. Utajiuliza kwa nini kila namba inayovunja rekodi ina sura ile ile, 2 yenye kipeo fulani kisha toa 1. Zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17, na zinapendwa kwa sababu moja isiyo na fahari: ndizo zenye kipimo rahisi. Kuna namba tasa nyingine nyingi mno za ukubwa huo huo, zimejificha humo humo, lakini hatuna njia ya kuzikagua kabla ya kuzeeka. Mwindaji hutafuta pale penye mwanga.

Kipeo lazima nacho kiwe namba tasa, la sivyo usijisumbue. Lakini kuwa tasa hakukipi dhamana yoyote: 11 ni tasa, na 2 yenye kipeo 11 ukitoa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Hapo ndipo wanapoanguka wanaodhani wamegundua kanuni.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya leo jioni kwa kalamu, na nakusihi ukifanye kabla ya kugusa kompyuta ya mtu. Kinaitwa kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoichunguza na ubaki na baki tu. Rudia. Idadi ya kurudia ni kipeo ukiondoa 2. Ukimaliza na sifuri, namba ni tasa. Ukimaliza na kitu kingine chochote, si tasa. Tujaribu 31, ambayo ni 2 yenye kipeo 5 ukitoa 1. Tunarudia mara tatu. Nne mara nne ni 16, toa 2, ni 14. Kumi na nne mara kumi na nne ni 196, toa 2, ni 194. Igawe kwa 31, inabaki 8. Nane mara nane ni 64, toa 2, ni 62. Igawe kwa 31, hakuna kinachobaki. Sifuri. Thelathini na moja ni tasa, na umeithibitisha bila kutafuta kigawo chake hata kimoja.

Ukiwa na subira, peleka 127 kwa njia hiyo hiyo: utapita 14, 67, 42, 111, na mara ya tano utafika sifuri. Kisha peleka ile 2,047. Utahangaika mara tisa na mwishoni utabaki na 1,736 mkononi, dalili kwamba si tasa. Angalia kwamba kipimo kimekuambia haifai lakini hakikukuambia 23 wala 89. Huo ndio ustaarabu wake: kinatoa hukumu bila kutaja sababu, tabia ambayo mtu aliyewahi kusubiri jibu dirishani hatashangaa kuikuta kwenye hisabati.

Sasa fikiria kufanya hivyo mara 136,279,839, na kila mara namba unayoizidisha ina tarakimu karibu milioni 41. Kwa mkono binadamu hakufika mbali. Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba 2 yenye kipeo 127 ukitoa 1 ni tasa, namba ya tarakimu 39. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa kijijini Urusi, akaongeza ile ya kipeo 61. R. E. Powers, mfanyakazi wa reli wa Marekani, akapata ya 89 mwaka 1911 na ya 107 mwaka 1914. Nawataja kwa sababu wapo watakaokucheka na kukuambia kwamba mambo haya ni ya maprofesa. Padri na mtu wa reli, waambie.

Leo kazi hufanywa na kompyuta za watu wengi waliojiunga pamoja. Januari 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha GIMPS, mpango ambao mtu yeyote huchukua programu ya bure, seva humpa kipeo chake, na kompyuta yake hukipima kimya kimya mpaka ipate jibu. Huhitaji kujua hisabati. Huhitaji digrii. Unahitaji umeme, na hapa, ndugu yangu, ndipo tunapolazimika kuzungumza kama watu wazima.

Kompyuta inayofanya kazi hii haipumziki. Tuseme inakula wati 100, kiasi cha adabu tu. Kwa saa 24 hizo ni uniti 2.4, na kwa mwezi uniti 72. Kama una mita ya Yaka, utaziona zikiyeyuka. Kama una sola ya wati 50 juu ya bati, na jua limekutendea haki kwa saa tano, umevuna wati-saa 250, yaani saa mbili na nusu za kazi. Saa ishirini na moja na nusu zilizobaki namba itakuwa inakusubiri, na taa ya kusomea watoto itakuwa imezimika. Kompyuta nzuri ya mezani humaliza kipeo kimoja cha ukubwa wa leo kwa siku kadhaa au wiki. Laptop ya mtumba, kwa saa mbili na nusu kila siku, itachukua muda ambao seva haitakuvumilia: ukikaa kimya mno bila kuripoti maendeleo, kipeo chako hupewa mtu mwingine, kama kiwanja ulichogawiwa ukaacha kukilima.

Simu usiijaribu. Najua ni ya pekee, najua ina nafasi. Usiijaribu.

Kuna pia suala la joto. Programu ya Woltman huikamua kompyuta kiasi kwamba mafundi wengi duniani, wasiojali namba tasa hata chembe, huitumia kupima kama mashine mpya inastahimili. Mashine yenye feni iliyojaa vumbi jekundu la hapa Isingiro haitastahimili. Na ikichoka haizimiki kila mara kwa heshima. Wakati mwingine hukosea tarakimu moja mahali fulani kati ya hatua ya milioni 60 na 61, ikaendelea kwa kujiamini mpaka mwisho. Ndiyo maana programu za siku hizi hujikagua njiani, na zikimaliza hutoa faili la uthibitisho ili wengine wakague bila kurudia kazi yote. Faili hilo linaweza kuzidi megabaiti 100. Linganisha na bando lako la siku.

Baada ya hesabu hiyo, wenye akili ya haraka hufikia wazo lile lile: mashine za watu wengine. Hilo lina historia. Mwaka 1998 Aaron Blosser, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta katika kampuni ya simu ya US West huko Marekani, aliiweka programu hii kwenye zaidi ya kompyuta 2,500 za kampuni hiyo. Mfumo wa kutafutia wateja namba za simu ukalegea, na wapelelezi wa FBI wakaingia kazini. Kwa hiyo kabla ya kwenda Mbarara kuingiza flashi kwenye maabara ya chuo, jiulize utamwelezaje afisa wa polisi tofauti kati ya namba tasa na wizi wa data, tena ukiwa na karatasi ya ukimbizi ya OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu, mfukoni. Kwa faraja yako, Blosser huyo huyo ndiye aliyetajwa mwaka 2024 miongoni mwa walioshukuriwa kwa rekodi mpya, kwa kuitunza seva ya GIMPS. Jamii ya watu hawa husamehe. Sina uhakika na maabara ya chuo.

Njia ya halali ipo, nayo ni kuomba. Jonathan Pace wa Germantown, Tennessee, alikuwa shemasi anayesaidia mambo ya kompyuta; akaiweka programu kwenye mashine za kanisa lake, za ndugu zake na za mashirika ya hisani. Alisubiri miaka 14. Tarehe 26 Desemba 2017, kompyuta ya kanisa ikatoa namba tasa ya tarakimu 23,249,425. Juru haina uhaba wa makanisa, na yapo yenye kompyuta ya kuandikia matangazo. Jiandae tu kwa mazungumzo ya namna hii:

“Mchungaji, shikamoo. Naomba kompyuta ya kanisa itafute namba wakati wa usiku.”

“Marahaba. Namba ya nani, mwanangu?”

“Si ya mtu, mchungaji. Ni namba tasa.”

“Ehe. Na ikipatikana, tutaipigia?”

Usicheke. Swali lake ni jema kuliko mengi utakayoulizwa, kwa maana ameligusa lile ambalo hutaki kuulizwa: itasaidia nini? Mjumbe wa kijiweni atakuambia kwamba namba hizi ndizo zinazolinda siri za benki. Si kweli. Siri hulindwa na namba tasa, ndiyo, lakini ndogo. Ujumbe wako wa WhatsApp husimama juu ya 2 yenye kipeo 255 ukitoa 19, namba ya tarakimu 77 inayoenea mstari mmoja wa daftari. Namba ya tarakimu milioni 41 hailindi chochote. Kwanza kila mtu anaijua. Imesaidia kupima mashine, imesaidia kuboresha njia za kuzidisha namba kubwa, na imewafurahisha watu walioipata. Mwambie mchungaji hivyo hivyo. Akikubishia, muulize faida ya kwaya, mtakuwa sawa.

Kabla hatujafika kwenye kuripoti, neno kuhusu yule atakayekujia na kanuni. Yupo kila mahali. Kambini pia yupo. Ameandika kwenye karatasi ya sanduku, ameikunja mara nane, anataka uisome lakini usiinakili. Mpe mfano wa zamani: chukua namba yoyote, izidishe yenyewe, jumlisha na hiyo namba, jumlisha 41. Kwa 1 unapata 43, kwa 2 unapata 47, kwa 3 unapata 53, zote tasa. Inaendelea kukupa tasa bila kukosea mpaka 39. Halafu weka 40: jibu ni 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Euler aliijua hiyo karne ya 18. Pierre de Fermat, mtu mwenye akili kuliko sisi wote wawili na mwenye karatasi ya sanduku, aliamini kwamba namba za mtindo wake mmoja zote ni tasa. Euler akaonyesha mwaka 1732 kwamba ile ya tano baada ya 3, yaani 4,294,967,297, inagawanyika kwa 641. Ukimaliza kumweleza hayo, mwenye kanuni atakuambia kwamba yake ni tofauti. Mnunulie chai.

Sasa kuripoti, sehemu ambayo waongozaji wengine huiruka. Mersenne mwenyewe alikuwa hodari wa kuripoti. Chumba chake cha utawa Paris kilikuwa posta ya wanahisabati wa Ulaya. Barua zilipita kwake zikaenda kwa wengine. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo hadi 257 vinavyotoa namba tasa. Aliingiza 67 na 257, ambavyo havifai. Aliacha 61, 89 na 107, ambavyo vinafaa. Orodha hiyo haikumalizika kukaguliwa mpaka mwaka 1947. Miaka 303. Na bado namba zinabeba jina lake, jambo linaloonyesha kwamba katika dunia hii kuwahi kuripoti kuna malipo yake.

Lucas alikwisha kuonyesha mwaka 1876 kwamba kipeo 67 hakifai, kwa kipimo kile kile kisichotaja sababu. Vigawo vyenyewe vilingoja hadi Oktoba 1903, pale Frank Nelson Cole alipopanda ubaoni mbele ya wanahisabati wenzake New York. Husimuliwa kwamba hakusema neno. Upande mmoja aliandika 2 yenye kipeo 67, akatoa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Upande mwingine akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, hatua kwa hatua. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Baadaye alisema ilimgharimu Jumapili za miaka mitatu. Ukitaka kuiga ripoti ya mtu, iga ya huyo: hakuomba kuaminiwa.

Watu wa makambini hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya namba iliyotajwa na namba iliyohakikiwa. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR waliita wakimbizi nchi nzima, vidole na macho vikapita kwenye mashine. Kabla ya hapo hesabu iliyokuwa ikitajwa ilikuwa kama milioni 1.4. Zoezi lilipoisha mwezi Oktoba, waliohakikiwa walikuwa kama milioni 1.1. Mtu aliyesimama kwenye foleni ile, jua likimpiga utosini, ili athibitishe kwamba yeye ni yeye, anakijua kitu ambacho wenye kanuni za karatasi ya sanduku hawakijui. Namba haiwi namba mpaka mashine nyingine, isiyokujua wala kukupenda, ifike kwenye jibu lile lile.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ile ya 2024. Tarehe 11 Oktoba mashine moja iliyokodiwa Dublin, Ireland, ilisema namba ile inaelekea kuwa tasa. Kuelekea si kuwa. Tarehe 12 mashine nyingine, San Antonio, Texas, ikaipitisha kwenye kipimo cha Lucas na Lehmer, ikathibitisha. Zikafuata nyingine, zenye programu tofauti. Mwenye namba, Luke Durant, kijana wa miaka 36 aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA, alikaa na siri hiyo mpaka tarehe 21. Hapa kwetu, siri ya siku kumi yenye dola ndani yake ni jaribio kubwa kuliko la Lucas na Lehmer.

Na kuripoti kwenyewe kunaweza kukwama bila kosa lako. Tarehe 17 Septemba 2015 kompyuta moja ya Curtis Cooper, wa Chuo Kikuu cha Central Missouri, ilipata namba tasa ya tarakimu 22,338,618 na kuitaarifu seva kama ipasavyo. Barua pepe ya kuwaamsha wahusika haikutoka. Namba ikakaa pale, kubwa kuliko zote zinazojulikana, bila mtu yeyote kuijua, mpaka tarehe 7 Januari 2016 watu walipokuwa wakifanya usafi wa kawaida wa mfumo. Tarehe rasmi ya ugunduzi ni hiyo ya Januari, kwa sababu waliamua kwamba ugunduzi ni pale binadamu anapojua. Jambo kama hilo lilikuwa limewahi kutokea mwaka 2009, kuanzia Aprili hadi Juni. Kwa hiyo ukiwa na faili lako lisilojibiwa ofisini tangu mwaka juzi, usidhani umeonewa peke yako. Wala usitumie hoja hiyo dirishani.

Zimebaki pesa, ambazo najua ulizirukia tangu aya ya kwanza. GIMPS humpa mgunduzi dola 3,000. Durant alizipeleka kwenye shule ya hisabati na sayansi huko Alabama, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu, kwa alivyosema, alikuwa ametumia kama dola milioni mbili kukodi mashine katika nchi 17. Soma tena sentensi hiyo ukimtazama mbuzi. Zipo pia tuzo za shirika la EFF: dola 50,000 zilichukuliwa mwaka 2000 na mwenye namba ya kwanza ya tarakimu milioni moja, dola 100,000 mwaka 2009 na waliopita milioni kumi. Zimebaki 150,000 kwa tarakimu milioni 100, na 250,000 kwa tarakimu bilioni moja. Kwa ile ya milioni 100, anzia kipeo cha milioni 332 hivi na ujiandae kwamba kipimo kimoja tu kitakula muda mara kadhaa kuliko vya kawaida.

Kama hayo yote hayajakutisha, fanya hivi. Jisajili kwa jina lako kama lilivyoandikwa kwenye karatasi yako, herufi kwa herufi, si lile la utani wa mpirani, maana mwenye tuzo ataulizwa kitambulisho. Chagua kazi ya kukagua upya vipeo vidogo vilivyokwisha kupimwa. Ni fupi, mashine dhaifu inaiweza, na huenda siku moja mkaguzi akapata alichokipita mwingine. Safisha feni kila wiki kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Mwambie mchungaji kiasi halisi cha uniti kabla ya mwisho wa mwezi, si baada. Na kama usiku mmoja skrini itakuandikia kwamba kipeo chako kimetoa namba tasa, usiiweke kwenye stetasi. Nakili faili kwenye flashi mbili, hakikisha seva imepokea, halafu zima sauti ya simu, kwa sababu ukimwambia hata shemeji mmoja, kabla ya asubuhi Base Camp itakuwa imekwisha kuzigawa dola 3,000 zako, na wewe hutakuwa kwenye mgao.